Kilio tulichokuwa tunakisubiri

Mchana huu kashushwa Uyole, Mbeya, mbwa dume aina ya dachshund, katoka Iringa. Miguu ya nyuma anaiburuta.

Wengi hudhani kagongwa na bodaboda. Kwa mbwa hawa warefu wa mgongo, mara nyingi ni diski: zile zilizo kati ya pingili za mgongo hukauka mapema, zikichomoza zinabana mishipa ya fahamu. Kuruka kutoka kwenye kochi kunatosha.

Daktari wa mifugo akambinya kidole cha mguu wa nyuma kwa koleo.

Mguu kujivuta peke yake hakusemi kitu. Tulikuwa tunaangalia kichwa.

Mbwa akageuka, akalia.

Jamani, kilio kile! Maana yake maumivu bado yanafika kwenye ubongo, na kutembea tena kunawezekana kabisa.

Sasa ni kizimbani wiki 4 hadi 6, anatoka kwenda haja tu. Kumbeba: mkono mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, mgongo ulale sawa. Kamba kwenye mkanda wa kifuani, shingoni hapana. Kibofu kikigoma, kinakamuliwa mara 3 au 4 kwa siku; mkojo ukilala ndani unaleta maambukizi. Na tafadhali sana, asipewe parasetamo wala ibuprofen za watu. Zinaweza kumuua.

Kwa baridi hii ya Mbeya, blanketi likilowa libadilishwe hapo hapo.

Nani wa kumpokea, mwenye nyumba isiyo na ngazi, na mtu anayeshinda nyumbani? Semeni hapa chini, ndugu zangu.