Ndoo ya Maji Upanga

Mwaka 1998 nilikuwa na miaka miwili tu kwenye biashara ya vinyago na nilijiona nimeshayajua yote. Nilikuwa na kibanda Mwenge, nikiuzia watalii, na pembeni nikitafuta kazi za zamani majumbani mwa watu. Hizo za majumbani ndizo zenye hela. Wamakonde waliovuka Ruvuma na kuja kuchonga Dar es Salaam miaka ya 1950 na 1960 waliacha kazi ambazo ukipata moja tu, mwezi mzima umelala usingizi.

Dalali wa nyumba ndiye aliyeninong'oneza habari za mama mmoja wa Upanga. Mumewe, mhasibu mstaafu, alikuwa amefariki na kuacha sebule imejaa. Nikavaa shati jeupe nikaenda.

Kulikuwa na mashetani ya jicho moja, mtindo ule alioanza mchongaji Samaki Likankoa, na mfanyabiashara Mohamed Peera akawa anaununua dukani kwake mjini. Kulikuwa na ujamaa mrefu kunifika kifuani, watu wamepandana mabegani toka chini hadi juu, kila mmoja na sura yake, mtoto mmoja amebanwa katikati anatoa ulimi. Magoti yalilegea. Lakini mnunuzi haonyeshi.

Nikaanza kunyanyua kimoja kimoja.

"Hiki kina ufa, mama. Hiki mkono umegandishwa kwa gundi. Ujamaa nao siku hizi hauna soko."

Hilo la mwisho lilikuwa uongo mtupu. Mama alikuwa anamenya machungwa, akiitikia "ehee" bila kuinua macho.

Ujanja wetu ni huu: ukishaponda kumi, sifia kimoja, mwenye mali akuone mkweli. Juu ya kabati niliona kibibi kizee kimeinama na mtungi, cheusi, kinang'aa. Nikakinyooshea kidole.

"Kile pale ndio mpingo wenyewe. Kile nakupa Sh 80,000 sasa hivi. Hivi vingine tufanye jumla."

Kisu kikasimama kwenye ganda la chungwa.

"Kile?"

"Kile, mama."

Akaenda uani, akarudi na ndoo ya maji. "Haya, kishushe."

Nilipokishika tu, nikajua. Mpingo wa ukubwa ule ungenivuta mkono; hiki kilinyanyuka kama mkate. Viganja vikaingia weusi.

"Tia humo."

Kikazama kidogo, kikaibuka, kikageuka chali, kibibi cha watu kinatazama dari. Mpingo hauelei. Hata kipande cha kidole unakwenda chini.

"Baba yenu naye alipigwa," akasema. "Alikinunua njiani. Akawa anakipaka kiwi mwenyewe kila mwezi, na mimi nimeendelea."

Akafungua daftari la shule lililochakaa. Kila kinyago kilikuwa na mstari wake: tarehe, bei, jina la fundi, wino wa bluu, mwandiko wa kihasibu. Ule ujamaa nilioutukana ulikuwa na kurasa mbili peke yake. Kwenye mstari wa kibibi, mahali pa jina la fundi, marehemu aliandika: *Nimeibiwa, 1974.*

Nikacheka kicheko cha kutafuta mlango. Nikaaga.

"Mwanangu, umesema elfu themanini."

"Lakini mama, si mpingo."

"Kwani mimi nilikwambia ni mpingo? Si wewe uliyeniambia?"

Ningeweza kuondoka. Sijui kwa nini sikuondoka. Labda kwa vile hakupandisha sauti. Nilihesabu noti mezani, zikabaki elfu tatu mfukoni. Akakifunga kibibi kwenye gazeti, akaniongezea na machungwa mawili.

Kwenye daladala ya kurudi Mwenge nilikipakata. Gazeti lilikuwa limelowa, kiwi imeshanichora shati lote tumboni, na konda akauliza kama huyo mgonjwa wangu naye analipa nauli.