Kusikitika Ghaya ya Kusikitika

Yeyote aliyewahi kusahihisha insha za Kiswahili katika shule za Kenya anaijua sentensi hii hata kabla hajaifikia: "Nilifurahi ghaya ya kufurahi, furaha isiyokuwa na kifani." Ataikuta katika daftari la kwanza, la pili na la tatu, hata kama huyu anasimulia arusi ya dada yake na yule anasimulia kupatikana kwa kalamu iliyopotea. Aliyehuzunika naye hutokwa na machozi njia mbili mbili, na aliyeogopa hutetemeka kama unyasi nyikani, ingawa mwandishi mwenyewe amekulia kwenye jumba la ghorofa na nyika ameiona kwenye televisheni.

Chimbuko la mtindo huu si uvivu wa watoto. Insha ya KCPE, mtihani wa darasa la nane uliofanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, iliandikwa kwa dakika 40 tu, na mtahiniwa aliyeingia chumbani na mapambo yake tayari kichwani alikuwa na hakika ya kujaza ukurasa. Katika KCSE, mtihani wa kidato cha nne, karatasi ya kwanza ya Kiswahili inadai insha mbili kwa saa 1 na dakika 45, kila moja ikiwa na alama 20, na msamiati pamoja na mtindo ni miongoni mwa mambo anayoyatazama msahihishaji. Ndiyo maana orodha za "misemo ya furaha" na "misemo ya huzuni" hunakiliwa ubaoni, zikakaririwa, kisha zikamwagwa kwenye karatasi. Sina ugomvi na misemo yenyewe, kwani mingi ni mizuri na iliundwa na watu walioimudu lugha barabara. Ninachokilalamikia ni kwamba inampunguzia mwanafunzi kazi ya kujiuliza alihisi nini hasa.

Somo ninalolipenda huanzia kwenye hasira. Ninawauliza wanafunzi tofauti iliyopo kati ya aliyenuna, aliyehamaki, aliyeghadhibika na aliyeweka kinyongo, na kwa muda mfupi darasa zima huwa linabishana. Wa kwanza hasemi kitu, ila uso wake unasema; wa pili amepandwa na hasira ghafla na huenda ikamshuka upesi; wa tatu hasira yake ni kubwa na watu wanamwepuka; wa nne anaweza kukuamkia kila asubuhi kwa tabasamu, na bado mwaka ujao akakulipa. Hao ni wahusika wanne tofauti kabisa, ambao neno "alikasirika sana" lingewafanya mmoja. Kilio nacho kina ngazi zake: machozi yanaweza kumlengalenga mtu bila hata tone kudondoka, yanaweza kumbubujika, na anaweza kulia kwa kwikwi hadi ashindwe kutamka neno. Mwandishi anayemliza mhusika wake kwikwi katika aya ya kwanza hana pa kumpeleka katika aya ya mwisho.

Kuna mwanafunzi wa kidato cha pili aliyeandika kuhusu ng'ombe wa babu yake aliyeuzwa ili karo ilipwe. Sentensi yake ilikuwa ile ya siku zote: alisikitika ghaya ya kusikitika. Sikuikata, nilimwuliza tu kilichotokea asubuhi iliyofuata. Akajibu, "Mwalimu, nilichukua ndoo ya kukamulia nikaenda zizini, ndipo nikakumbuka hayupo." Nilimwambia aandike hivyo hivyo. Hakuna neno hata moja la huzuni katika maelezo hayo, na wenzake waliposomewa walinyamaza. Swali lililobaki lilikuwa la kitenzi kimoja: je, pale zizini alizubaa, alibung'aa au aliduwaa? Aliyezubaa amepotelewa na mawazo tu, na aliyebung'aa anaweza kuonekana mjinga kidogo. Alichagua kuduwaa, kwa kuwa mshtuko ulimsimamisha, na sababu hiyo aliitoa mwenyewe.

Wapo wanaodai kwamba vijana wa siku hizi hawana maneno ya hisia. Uwanjani wanayo tele, kwa Sheng, ile lugha ya mitaani ya vijana, na kwa lugha za nyumbani. Anayeboeka (aliyechoshwa) na anayebambika (aliyefurahishwa) wanajua vizuri walivyo. Wanachokosa ni idhini ya kuingia darasani na usahihi huo, halafu wautafutie Kiswahili sanifu kinachoufaa.

Jambo ambalo vitabu vya marudio hulipitia juu juu ni kwamba neno la hisia hupimwa pia kwa aina ya insha. Katika barua ya kirasmi kwa mkurugenzi wa maji, mwananchi ambaye mfereji wake umekauka kwa miezi kadhaa ana kila sababu ya kuwaka, lakini akiandika kwamba "amesikitishwa na kimya cha ofisi yako" atasomwa kwa makini kuliko akijaza ukurasa kwa ghadhabu. Hotuba ya rambirambi nayo inaruhusu majonzi na simanzi, maneno ambayo yangechekesha katika kumbukumbu za mkutano wa chama cha wanafunzi. Kwa hiyo ninaposahihisha siku hizi, kila penye "sana" baada ya kitenzi cha hisia ninaandika pembeni "kiasi gani?", na kwenye barua za kirasmi ninaongeza swali la pili: "anayeisoma ni nani?" Madaftari hurudi yakiwa na mapambo machache zaidi, na baadhi ya wazazi wameniuliza kwa nini insha za watoto wao zimekuwa fupi.