Gololi mbili, karatasi ya kaboni na kidato cha pili

Maabara yetu haina troli wala mashine ya kupiga nukta kwenye utepe. Kwa miaka mitatu nilifundisha migongano ubaoni tu. Wanafunzi waliikariri kanuni ya kuhifadhiwa kwa momenta (gramu za kitu mara kasi yake, pamoja na mwelekeo wake; jumla yake haibadiliki vitu vikigongana), lakini niliona wazi kwamba hawaiamini. Muhula uliopita nikageukia gololi.

Mtelemko niliutengeneza kwa kipande cha trankingi ya nyaya za umeme. Nilikipasha kwenye jiko la mkaa, nikakikunja ili ncha ya chini ilale sambamba na meza. Sakafuni nikatandika manila nyeupe, juu yake karatasi za kaboni. Timazi ya fundi ikanionyesha nukta iliyo chini ya ukingo. Gololi ikiachiwa kwenye alama ileile, ilitua sentimita 52 kutoka nukta hiyo, karibu palepale kila mara. Gololi zinazotoka mezani kwa mlalo kutoka kimo kimoja hufika chini kwa muda uleule, ya kasi na ya polepole. Basi umbali wa sakafuni ndio kipimo cha kasi; saa haihitajiki.

Kilichonisumbua ni gololi ya kugongwa. Nikiiweka chini kidogo, ile ya kwanza ilirushwa juu na vipimo vyote viliharibika. Jioni mbili zilipita hapo. Mwisho niliisimamisha juu ya kipande cha mrija wa soda, nikikipunguza kwa wembe hadi gololi zote mbili zikawa kimo kimoja.

Tukagonga kwa pembeni. Gololi mbili za uzito sawa zikatawanyika: moja sentimita 41, nyingine 29.

"Madam, jumla ni 70! Momenta imeongezeka!"

Darasa zima likaunga mkono, nami nilifurahi kuliko siku yoyote ya mwaka ule. Niliwaambia wachore mishale palepale kwenye manila, kutoka nukta ya timazi hadi alama za kaboni, kisha wakamilishe msambamba, umbo la pande nne ambalo pande zinazotazamana ziko sambamba. Ulalo wake kutoka nukta ya timazi, ambao ndio jumla ya mishale miwili, ukatoka sentimita 50, karibu sawa na zile 52, ukielekea kulekule ilikokuwa ikienda gololi moja peke yake. Wakapima tena, na tena, kila kundi kwa rula yake.

Wiki iliyofuata tulitumia gololi zisizolingana, kila umbali ukizidishwa kwa gramu zake kabla ya kuchora mshale. Hapo achia ile nzito. Nyepesi ikigonga nzito ana kwa ana hurudi nyuma mtelemkoni.