Ndoto ya Elifazi na Mkeka wa Msiba

Bwana Yesu asifiwe, wapendwa.

Wiki hii tumo katika kitabu cha Ayubu, na naomba tusiikimbilie sura ya 42 ambako mali inarudi maradufu. Tukae kwanza mwisho wa sura ya 2, pale ambapo watu wazima wanne wameketi chini na mazungumzo bado hayajaanza.

Elifazi Mtemani, Bildadi Mshuhi na Sofari Mnaamathi walitoka kila mtu kwao, wakapatana waende pamoja kumpa pole rafiki yao Ayubu, aliyekuwa amepoteza mali, watoto na afya yake. Walipomwona kwa mbali hawakumtambua. Walilia, wakararua majoho yao, wakajimwagia mavumbi vichwani, kisha wakaketi naye siku saba, mchana na usiku. Hakuna aliyesema neno, kwa sababu waliona kwamba uchungu wake ni mkubwa mno.

Sisi tuliokulia kwenye matanga hatuhitaji kuelezwa picha hiyo. Turubai limefungwa uani, wanaume wako nje kwenye moto, ndani wanawake wamekaa kwenye mikeka, na yupo mmoja ambaye tangu asubuhi hajafanya kazi nyingine ila kushika mkono wa mfiwa. Anayeingia anasema pole, anakaa. Hakuna anayemdai maelezo. Nimesikia mahubiri mengi yakiwasema vibaya hawa watatu, na mimi mwenyewe nimewahi kuhubiri hivyo, lakini kwa siku saba zile walifanya vizuri kuliko wengi wetu. Waliharibu siku Ayubu alipofungua kinywa.

Maana sura ya 3 si sala ya adabu. Ayubu anailaani siku aliyozaliwa. Anauliza kwa nini hakufa akitoka tumboni, na kwa nini mtu aliye katika taabu apewe nuru ya kuendelea kuishi. Rafiki zake waliuweza ukimya, ila swali liliwashinda. Tangu hapo hadi karibu na mwisho wa kitabu ni maneno juu ya maneno.

Elifazi anaanza kwa upole, na hili tulione. Anaomba ruhusa ya kusema. Anamkumbusha Ayubu jinsi alivyowafundisha wengi na kuwatia nguvu waliokuwa wakianguka. Kisha, katika sura ya 4 kuanzia mstari wa 12, anatoa kitu ambacho kila mtu kwenye kikundi cha maombi angekaa vizuri kukisikiliza. Anasimulia alichokiona usiku. Neno lilimjia kwa siri, sikio lake likanasa mnong'ono tu. Ulikuwa wakati ambao usingizi mzito huwashika watu. Hofu ikamshika, mifupa ikatetemeka. Kitu kikapita mbele ya uso wake, nywele za mwili zikamsimama. Kikasimama, naye hakuweza kuitambua sura yake. Pakawa kimya, halafu sauti ikauliza kama mwanadamu anaweza kuwa mwenye haki mbele za Mungu.

Mimi simtilii shaka Elifazi. Mtu anayetunga uongo angeiona sura vizuri na kuieleza. Yeye anakiri hakuitambua. Na lile swali lenyewe si la uongo. Ni nani atakayesimama mbele za Mungu na kujihesabia haki? Jambo linalonisumbua ni mahali alipolipeleka. Alipewa swali usiku, akiwa peke yake, huku anatetemeka. Asubuhi akalibeba, akaenda kulitua juu ya mtu aliyezika watoto kumi na ambaye ngozi yake ilikuwa majipu tangu wayo hadi utosini. Sauti ile ilipokuja, Elifazi ndiye aliyekuwa kitandani. Sioni popote alipojiuliza kama swali lile lilikuwa lake yeye.

Naandika haya kwa sababu nyumbani kwetu jambo hili tumelionja. Mwaka juzi tulimzika binti wa dada yangu, msichana wa miaka kumi na tisa, aliyeugua siku chache tu. Siku ya nne ya msiba alikuja mama mmoja wa maombi, mtu mwenye kufunga na kukesha kweli, wala simsemi kwa kumdharau. Alimvuta dada yangu pembeni akamwambia kwamba miezi miwili kabla alikuwa ameoneshwa nyumba ile ina mlango ulio wazi, na kwamba kuna nadhiri haikutimizwa. Akaomba naye, akaondoka. Dada yangu alibaki na neno hilo zaidi ya mwaka. Alipekua maisha yake yote. Alikumbuka sadaka aliyoahidi ujanani akaisahau, deni la mumewe, hata kitenge alichopewa na mtu asiyempenda, akakichoma. Kila alichokipata alidhani ndicho kilichomwua mtoto wake.

Na mimi, mzee wa kanisa, nilifanya nini? Nilisimama pale kaburini nikasema kazi ya Mungu haina makosa, na Bwana alitoa na Bwana ametwaa. Watu wakaitikia amina. Baadaye sana, nikiandaa somo, nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekisoma miaka yote bila kukiona: maneno yale ya sura ya 1 mstari wa 21 aliyasema Ayubu mwenyewe, juu ya watoto wake mwenyewe. Hakuna mtu aliyekuja kumwambia. Yalitoka kwa mwenye jeraha, kwa wakati wake. Na mwenye jeraha huyohuyo, sura mbili mbele, aliilaani siku yake ya kuzaliwa. Sisi tunamnyang'anya mfiwa sentensi ya kwanza tunaisema sisi kwa niaba yake, kisha tunamkataza ile ya pili.

Turudi kwa Elifazi, maana hoja yake si nyepesi. Anasema ameona kwamba wanaolima uovu na kupanda madhara huvuna hayohayo. Paulo naye anaandika kwa Wagalatia kwamba apandacho mtu ndicho atakachovuna. Ni neno la kweli. Ila angalieni linavyogeuzwa. Aliyepanda ubaya atavuna ubaya, sawa. Je, kila unayemkuta na mavuno mabaya alipanda ubaya? Tuliolima Ugogo tunajua jibu. Ukipita shamba langu la uwele mwezi wa nne ukalikuta limekauka, usiseme sikupanda. Huenda nilipanda kwa wakati, nikapalilia mara mbili, na mvua ikakatika mwezi wa pili. Bwana Yesu alitoa mfano wa mtu aliyepanda mbegu njema, watumwa wake wakakuta magugu wakaja kumwuliza yametoka wapi, naye akajibu kwamba adui ndiye aliyetenda. Na wanafunzi walipoona kipofu tangu kuzaliwa, wakataka kujua ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake, Bwana alikataa swali lote, pande zake zote mbili.

Bildadi hakuwa na ndoto. Alishika mapokeo ya wazee. Akathubutu kumwambia baba kwamba wanawe walikufa kwa sababu ya makosa yao. Sofari akaongeza kwamba Mungu amemdai Ayubu pungufu ya anavyostahili. Hao siwasemi zaidi.

Lakini Elifazi nataka tumfuate mpaka mwisho wake, kwa sababu ndiye aliyeanza vizuri. Katika sura ya 22 upole umekwisha. Sasa anaorodhesha dhambi: Ayubu alichukua rehani kwa ndugu bila sababu, aliwavua watu nguo, alimnyima maji aliyechoka, alimnyima mkate mwenye njaa, aliwafukuza wajane mikono mitupu. Aliyaona lini? Hakuyaona. Mstari wa kwanza kabisa wa kitabu unamwita Ayubu mkamilifu na mwelekevu. Elifazi amelazimika kutunga makosa ili mafundisho yake yasivunjike. Ayubu alishalitambua hili mapema, akawauliza katika sura ya 13 kama watasema yasiyo haki kwa ajili ya Mungu. Swali hilo huwa linanipiga kila nikishika maiki. Mtu anaweza kumtetea Mungu kwa uongo, na akaenda nyumbani akilala usingizi mzuri.

Kwa nini rafiki mwema afike huko? Ayubu analijibu katika sura ya 6 mstari wa 21: mmeona jambo la kutisha, mkaogopa. Ndivyo ilivyo. Kama Ayubu hana kosa, basi yaliyompata yanaweza kumpata na Elifazi kesho, na sala zake na sadaka zake zisiwe ngao. Ni nafuu kwake rafiki awe mkosaji. Nadhani hata sisi kwenye misiba yetu, tunapochunguza marehemu alikuwa anaishi vipi, alikula nini, aligombana na nani, sehemu kubwa ya tunachotafuta ni uhakika kwamba sisi hatumo.

Katika sura hiyohiyo Ayubu anawafananisha rafiki zake na vijito vinavyojaa theluji ikiyeyuka, halafu joto likija vinakauka. Misafara ya Tema na Sheba inaviendea kwa matumaini, ikifika inaona aibu. Kwetu tungesema ni korongo: masika linabeba mpaka mifugo, kiangazi ni mchanga mtupu na watu wanachimba kisima katikati yake kutafuta ndoo moja ya maji.

Mtu ataniuliza, je, tusiwe na maono tena? La. Simaanishi hivyo, na nisieleweke hivyo. Mungu wetu anasema na watu, na jumuiya yetu ina shuhuda ambazo siwezi kuzieleza kwa akili zangu. Lakini tumtazame Paulo. Anawaandikia Wakorintho habari za mtu aliyenyakuliwa mpaka mbingu ya tatu, na anasema imepita miaka 14. Miaka 14! Anakiri hajui kama ilikuwa katika mwili au nje ya mwili, na kwamba aliyoyasikia hayajuzu mtu kuyatamka. Kisha anaruka moja kwa moja kwenye mwiba wake na udhaifu wake. Na kanisa lilelile alikuwa amekwisha kuliambia kwamba manabii wakinena, wengine wapambanue. Kwa hiyo ono linaweza kuhifadhiwa, linaweza kuombewa, linaweza kupelekwa kwa wazee walipime. Halilazimiki kufika msibani siku ya nne.

Mungu anapojibu, kuanzia sura ya 38, hatoi sababu. Wala hataji hata kosa moja kati ya yale Elifazi aliyoyaorodhesha. Anauliza kuhusu bahari na milango yake, kuhusu mvua inayonyesha nyikani mahali pasipo na mtu, kuhusu punda mwitu, kuhusu mbuni anayeacha mayai yake mchangani. Sitajifanya nimeuelewa wote ujumbe ule. Ninachokiona ni kwamba Ayubu, aliyeuliza kwa ukali kuliko wote, ndiye aliyejibiwa, na anakiri kwamba zamani alisikia habari za Mungu kwa masikio, sasa jicho lake limemwona. Wale watatu wanaambiwa hawakusema yaliyo sawa.

Na hapa ndipo penye uzito kwangu. Elifazi alipata ono, akalitumia kumbana rafiki. Ayubu alimwona Mungu, na kazi aliyopewa mara baada ya hapo ni kuwaombea rafiki zake waliomwumiza. Ndipo uteka wake ukageuzwa, yaani Mungu akamrudishia hali yake, alipowaombea. Halafu mstari wa 11 wa sura ya 42 unatupa mambo tunayoyafahamu sana: ndugu zake na dada zake na wote waliomjua zamani wanakuja, wanakula chakula nyumbani kwake, wanampa pole, kila mmoja anatoa kipande cha fedha na pete ya dhahabu. Rambirambi, wapendwa. Zimechelewa sana, lakini zimefika, na hakuna aliyezikataa.

Mama yule wa maombi tulikwenda kumwona, mimi na mchungaji. Hakubisha. Alilia. Alisema aliogopa kunyamaza na kitu alichooneshwa, akaona atakuwa ameasi. Mimi nikamweleza habari ya kaburini, maneno niliyoyasema mimi. Tukaomba watatu.

Dada yangu naye, jioni moja tukiwa tumekaa nje, aliniuliza kwa sauti ndogo kama Mungu hukasirika mtu akimwuliza kwa nini. Sikumhubiria. Nilileta Biblia nikamfungulia sura ya 3. Aliisoma yote kwa kidole, polepole, akarudia. Akaniuliza, "Kaka, haya yamo humu siku zote?" Nikamwambia yamo. Akaifunga Biblia akaiweka mapajani, tukakaa hivyo mpaka mbu wakatuondoa.

Jumatano ibada ya jumuiya iko kwake, saa kumi na moja jioni. Tutasoma sura ya 3 bila kuikatiza na bila mahubiri. Atasoma yeye.