Mkoba wa Miraba na Leso ya Mama

Kwa miaka mingi nimeutamani mkoba ambao mbunifu wa mavazi Gabrielle Chanel aliutoa mjini Paris mwezi wa Februari 1955, na ambao jina lake, 2.55, linatokana na tarehe hiyo. Wakati huo mabibi wa mjini walizoea kubeba mikoba yao mkononi, naye akautundika wake begani kwa mnyororo mrefu ili mikono ibaki huru. Yeyote aliyewahi kupanda matatu alfajiri ya mvua, mwavuli mkono huu na nauli mkono ule, ataliheshimu wazo hilo. Mwezi uliopita niliketi kwenye cherehani yangu ya miguu nikaanza kujishonea wa kwangu.

Nilichotaka kukielewa kwa mikono yangu mwenyewe ni ile miraba ya mshazari iliyoshonwa juu ya mkoba huo wa Chanel. Wengi huiona kuwa pambo, ilhali ndiyo inayoufanya mkoba laini uwe na umbo. Kitambaa cha juu, sponji nyembamba na kitambaa cha chini vikishonwa pamoja kwa mistari inayokatana, matabaka hayo matatu hushikana, hata ukiukunja mkoba na kuuachilia unarudi ulivyokuwa. Kwa hiyo nilinunua drili nyeusi, kitambaa kizito cha pamba, katika Mtaa wa Biashara, nikachukua sponji isiyozidi unene wa nusu sentimita, na chini nikaweka marekani. Ngozi sikuitaka, kwa maana cherehani yangu haiiwezi, na mshono ukishaitoboa ngozi mahali pasipofaa, tundu lile halifutiki.

Hapo ndipo nilipokosea, na kosa lenyewe lilinigharimu kitambaa cha kutosha mkoba mzima. Nilikata vipande vyote kwa kipimo kamili, sentimita 24 kwa 16, ndipo nikashona miraba. Kumbe kila mstari huvuta kitambaa kidogo, na mistari ikiwa mingi kipande kizima hupungua. Changu kilipungua zaidi ya sentimita moja upande mmoja, na kwa kuwa nilikuwa nikishona mstari mmoja kwenda na unaofuata kurudi, drili ilisukumwa huku na huku mpaka miraba ikapinda. Nilipoweka kifuniko juu ya tumbo la mkoba, mistari ya juu haikukutana kabisa na ya chini. Nilifumua jioni nzima, lakini drili ilikuwa imekwisha kujaa alama za sindano, nikalazimika kuanza upya.

Mara ya pili nilichukua kipande kikubwa kuliko nilichokihitaji, nikapiga bandi, yaani mishono mirefu ya muda, kutoka katikati kwenda pembeni, nikachora mistari kwa chaki na rula, kila mmoja umbali wa sentimita 2.5 kutoka kwa mwenzake. Nilitumia sindano namba 16, nikarefusha mshono kidogo, nikaanza na mstari wa katikati, na mistari yote nikaishona kuelekea upande mmoja. Nilipomaliza miraba ndipo nilipoweka kigezo cha karatasi juu yake na kukata, nikihakikisha kwamba pembe ya mraba inaangukia palepale ambapo kifuniko kingeishia. Safari hii mistari ilikutana. Niliupitisha ukucha kwenye maungio mara kadhaa kabla ya kuendelea, kwa furaha ambayo mshonaji mwenzangu hatahitaji kuelezwa.

Mnyororo niliupata kwa fundi wa viatu na mikoba ya ngozi huko Kariokor, Nairobi, ambaye alinishauri jambo ambalo nisingelifikiria. "Dada, chuma kitakula kitambaa," alisema, akanikatia vipande vinne vya ngozi vya kuweka nyuma ya kila tundu kabla ya kugonga vipete vya shaba. Mnyororo unapita ndani ya vipete hivyo bila kufungwa, kwa hiyo naweza kuuvuta uwe mrefu begani au kuukunja mara mbili uwe mfupi mkononi, kama ilivyokuwa tangu 1955.

Katika duka jingine niliuziwa wazo la kupachika nembo ya chuma yenye herufi mbili za C, alama ya Chanel. Nilikataa. Sheria ya Kenya ya mwaka 2008 inakataza bidhaa bandia, lakini hata isingekuwapo nisingeiweka, kwa sababu fungo la mkoba wa kwanza halikuwa na herufi hizo. Karl Lagerfeld, mbunifu aliyekuja kuiongoza kampuni ya Chanel, ndiye aliyezileta miaka ya 1980. Uzuri wa kazi ile ulikuwa umekamilika kabla yake. Mimi niliweka kifungo cha kugeuza, cha mstatili, kisicho na maandishi yoyote.

Maandishi yako ndani. Bitana niliikata kutoka kwenye leso ya mama, kipande kimoja cha doti yake ya zamani ambacho pindo lake lilikuwa limechanika, lakini mji wake mwekundu, yaani sehemu ya katikati, ulikuwa bado imara. Rangi hiyo inasaidia, maana funguo huonekana upesi kuliko kwenye bitana nyeusi. Jina la leso, "Akiba haiozi", nililikata pamoja na nafasi ya kutosha kuzunguka herufi, nikalifanya mfuko mdogo chini ya kifuniko, mahali ambapo mkoba wa Chanel nao una mfuko wake wa siri.

Mama alipoufungua Jumapili, hakusema lolote kuhusu miraba. Alilisoma lile jina, akaingiza vidole mfukoni kupima kina chake, kisha akaniuliza kama kile kipande cha pili cha doti, ambacho hakijachanika, kingetosha mkoba mmoja zaidi. Kinatosha. Drili nimeshainunua, na safari hii mnyororo utakuwa mfupi kidogo, kwa kuwa mama ni mfupi kuliko mimi.