Jumba Lililotembea Siku Kumi na Mbili

Shemeji yangu ana neno moja analonipokea nalo kila nikija Nakuru. "Nyinyi wa majuu mnajua kutunza vitu. Sisi hapa, aah." Halafu anaonyesha kwa kidevu chochote kilicho mbele yake: mtaro, mti, choo cha stendi. Mwezi wa saba alilisema tukiwa nje ya Nakuru Players Theatre, Jumamosi asubuhi, baridi ile ya Nakuru ya kung'ata masikio. Tulikuwa tunamsubiri mwanawe, mpwa wangu, ambaye amemaliza kidato cha nne na sasa anaigiza na kundi linalozungukia shule na tamthilia teule. Basi la shule lilikuwa limeshafika. Wasichana wa sweta za maruni walikuwa wanashuka wawili wawili, kila mmoja na daftari mkononi, maana mwalimu wao alikuwa amewaonya kwamba hawakuja sinema.

Nilimjibu vipande vipande siku nzima ile. Hapa naliandika jibu lote.

Mimi naishi Brooklyn Park, pembeni ya Minneapolis, jimbo la Minnesota. Wakenya tumejaa huko, hasa ndugu zetu kutoka Kisii. Ukisalimia kwa Ekegusii kwenye duka la unga hukosi wa kuitikia. Kazi yangu ni ile ya wengi wetu, kutunza wazee, zamu ya usiku. Mama mmoja niliyekuwa namtunza, wa miaka themanini na ushei, alikuwa halali. Nikamwambia usiku mmoja kwamba kwetu nilikuwa mwigizaji. Akaniuliza kama nimeona jumba la Shubert. Nikasema nimelipita. Akacheka. "Wewe umelipita," akasema, "mimi limenipita."

Hivyo ndivyo nilivyoanza kuijua habari ya jumba hilo, na nimeifuatilia tangu hapo kama mtu anayefuatilia ukoo.

Shubert ilifunguliwa mwaka 1910 katikati ya Minneapolis. Jina ni la Sam Shubert, mmoja wa ndugu waliokuwa na majumba ya maonyesho nchi nzima; yeye alikufa kwa ajali ya treni mwaka 1905, na nduguze wakawa wanayapa majumba mapya jina lake. Uso wa jengo umefunikwa vigae vya udongo wa kuchoma, rangi ya malai, vimefinyangwa maua na mataji. Ndani lilichukua watu wapatao 1,500, na roshani mbili juu. Kwa miaka mingi kundi la hapo liliongozwa na bwana mmoja, A. G. Bainbridge, ambaye watu walimwita Buzz. Mwaka 1933 alichaguliwa kuwa meya wa jiji. Nilipomwambia shemeji hilo hakushangaa hata kidogo. "Si kazi ni moja?" akasema.

Baada ya hapo ikaanza safari ya kubadilishwa majina. Miaka ya 1940 likaitwa Alvin, jumba la wanawake wa kucheza wakivua nguo kidogo kidogo. Miaka ya 1950 wahubiri wakalichukua, wakalifanya ukumbi wa injili. Yule mama alipelekwa huko na wazazi wake akiwa msichana. Walipoingia, baba yake akatoka moja kwa moja kwenda msalani bila kumuuliza mtu njia. Mama yake akamtazama mpaka alipopotea nyuma ya pazia, kisha akasema kwa sauti ya chini, "Amejuaje?" Mama yule alipofika hapo alicheka mpaka nikamwinua mto. Miaka zaidi ya sitini ilikuwa imepita na swali hilo, alisema, halikuwahi kujibiwa nyumbani kwao.

Mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950 likawa sinema, Academy, mpaka mwaka 1983 lilipofungwa. Na hapa ndipo nilipotaka shemeji ategee sikio. Mwaka 1988 jiji lenyewe, hao wanaojua kutunza, walibomoa mtaa ule karibu wote. Baa, maduka, vyote chini. Shubert ikabaki imesimama peke yake kwenye uwanja wa kuegesha magari. Na huo haukuwa mwanzo. Minneapolis hiyo hiyo ilikuwa na Metropolitan Building, ghorofa 12, la mwaka 1890, ndani yake uwazi mkubwa wenye paa la vioo na sakafu za vioo zilizopitisha mwanga mpaka chini. Wakaanza kulibomoa mwaka 1961 kwa sababu lilionekana la kizamani. Ukiwauliza wazee wa huko leo wanatikisa kichwa kama tunavyotikisa sisi tukikumbuka miti iliyokatwa.

Miaka ikapita, likaja wazo la kujenga jumba jipya la starehe kwenye kiwanja kile, na Shubert iko njiani. Waliolipenda wakasema: basi lihameni.

Sasa hebu fikiria. Jengo lina tani 2,638. Lori la mchanga la tani 10, yale ya kutoka mitoni, ungehitaji zaidi ya 260 kubeba uzito huo, tena baada ya kulipondaponda. Hawa walitaka liende zima. Wakachimba chini ya kuta, wakaingiza mihimili ya chuma, wakaliinua kwa jeki na kulipakata juu ya vitoroli vya matairi ya mpira. Februari 1999, mwezi ambao huko mate yanaganda kabla ya kufika chini, likaanza kwenda. Umbali ni mfupi mno, mimi nautembea kwa dakika chache nikitafuta basi. Lenyewe lilichukua siku 12. Likaingia kwenye kitabu cha Guinness cha rekodi za dunia kama jengo zito kuliko yote lililowahi kuhamishwa kwa magurudumu ya mpira.

Mama yule alikuwa anafanya kazi ofisi ya karibu, na kila mchana alikwenda kulitazama na kahawa yake. Anasema hukuliona likitembea. Uliona tu kwamba jana nguzo ya taa ilikuwa mbele ya mlango na leo iko nyuma. Siku moja alidhani wameghairi. Nilimuuliza watu walisema nini. Akasema hakuna aliyesema kitu, wanaume walikuwa wanatazama matairi.

Mwaka huo huo wa 1999 mimi nilikuwa Nakuru, kijana wa kundi la maigizo, na sisi pia tulihamisha jumba.

Ilikuwa ikulu. Tuliijenga wenyewe kwa fremu za mbao na magunia ya sukari yaliyoshonwa pamoja, tukaipaka chokaa, kisha nguzo tukazichora kwa rangi ya bluu iliyobaki kwenye duka la baba wa mwenzetu. Ilikuwa vipande vinne. Tulikuwa na onyesho shule moja ya Kisumu, na pesa ya kukodi gari hatukuwa nayo, kwa hiyo ikulu ikapanda juu ya keria ya Nissan na sisi tukaingia ndani kama abiria. Makanga alitutoza nauli ya watu wawili zaidi. Tulipolalamika akauliza, "Rais anasafiri bure?"

Mpaka Mau Summit kulikuwa kukavu. Kericho, ambako mvua haina adabu, ikatukamata. Ndani ya dakika chache dereva akawasha waipa na kioo kikawa cheupe, akadhani gari linatoa moshi. Ilikuwa chokaa ya ikulu inateremka. Bluu ikafuata. Tulifika Kisumu na jumba la mfalme limekuwa banda la mtu aliyekimbia madeni. Kiongozi wetu alitaka tuahirishe, lakini wanafunzi walikuwa wameshakaa. Tukaisimamisha hivyo hivyo, imelowa, inanuka gunia, na katikati ya onyesho la tatu ukuta wa kushoto ukaniinamia taratibu kichwani nikiwa natoa amri ya kumfunga mtu. Nikauegemea kwa bega nikaendelea na amri. Baadaye nilimpita mwalimu wa Kiswahili akiwaeleza wanafunzi: andikeni, ikulu iliyochakaa ni ishara ya utawala unaooza kutoka ndani. Wote wakaandika. Natumaini mtihani uliwakubalia.

Lakini nimalizie ya Shubert, maana wengi hukomea pale jumba lilipofika salama, wakapiga makofi. Lilipofika liliwekwa kando ya jengo la zamani la Wamasoni (Freemason), likafungwa, likakaa. Zaidi ya miaka kumi. Lilikuwa limeokolewa, ila halikuwa na mtu ndani. Pesa za kulikarabati zilichelewa, na mwaka 2011 ndipo likafunguliwa kama ukumbi wa ngoma, viti kama 500 tu badala ya vile 1,500, ndani ya kituo kilichoitwa Cowles Center. Nililiona nikiwa na tiketi ya punguzo. Taa zilipozimika nilitafuta kwenye kuta ile njia ya msalani. Kisha mwaka 2024 kituo kikasimamisha maonyesho yake hapo. Hesabu zilikuwa zimekataa. Na lile jumba la starehe lililomfukuza Shubert? Nalo lilidorora ndani ya muda mfupi, maduka yakahama. Siku hizi pana kliniki na uwanja wa mazoezi wa timu ya mpira wa kikapu.

Haya ndiyo niliyokuwa namwambia shemeji tukiwa tumekaa nyuma ya wasichana wa maruni, kwa kunong'ona, mpaka mmoja akageuka akatutazama vibaya.

Sisemi sisi tumetunza. Nairobi palikuwa na Donovan Maule, jumba la walowezi lililopewa jina la mwenyewe, na lilishafungwa zamani. Limuru, wanakijiji wa Kamirithu walijijengea uwanja wa maonyesho kwa mikono yao mwaka 1977. Machi 1982 serikali ikatuma polisi wakaubomoa. Sheria ya makavazi na turathi ya mwaka 2006 inaruhusu jengo kutangazwa turathi, na ngome ya mlowezi Lord Egerton pale Njoro ni mfano mzuri wa jengo lililotunzwa, mtu analipa kiingilio na kutembezwa vyumbani. Ila nikiangalia orodha ya tunavyovipenda naona nyumba alizolala mtu mkubwa. Nyumba ambazo watu wadogo walikaa gizani pamoja wakacheka hazitajwi sana.

Nakuru Players ilianzishwa na walowezi wa Kizungu enzi za ukoloni, wakaigiziana wao kwa wao. Sasa Nakuru ni jiji, ilipewa hati Desemba 2021, na wanaoingia mlangoni ni watoto wa shule wenye madaftari. Hawa hawakuja kwa ajili ya turathi. Wamekuja kwa sababu swali la tamthilia lina alama 20 na mwalimu amechangisha pesa ya basi. Mwanzoni nilikuwa naliona hilo jambo la kusikitisha kidogo, sanaa kushikiliwa na mtihani. Sasa sioni hivyo. Shubert ilikuwa na jeki, mihimili, wafadhili na kitabu cha rekodi, ikakosa hawa.

Shemeji alisikiliza, lakini macho yalikuwa jukwaani, kwa mwanawe. Kijana alikuwa ameshika nafasi ya mshauri wa mtawala, yule wa kupinda mgongo na kuitikia kila kitu. Kuna mahali anapaswa kusema uongo, na kabla ya kusema akasimama kidogo, akakuna shingo kwa kidole kimoja. Shemeji akanigusa. Ni vile yeye mwenyewe anavyokuna shingo akiulizwa pesa ya karo ilikokwenda. Safu nzima ya wasichana ikapasuka kwa kicheko bila kujua wanamcheka nani, na mzee mzima karibu yangu akafuta machozi kwa mkono wa koti.

Onyesho lilikwisha saa saba. Basi la pili lilikuwa linasubiri nje kwa awamu ya mchana, lakini kundi lilitakiwa kuwa Njoro jioni, kwa hiyo vijana wakaanza kufungua mapema fremu wasizozihitaji tena. Siku hizi nao wana ikulu ya turubai iliyochapishwa, nguzo zake zinang'aa kama za kweli, ila bado inakaa kwenye mbao, na bado inapanda juu ya gari. Mpwa wangu akatuona tumesimama tu.

"Anko, shika huko nyuma. Baba, mbele."

Tukashika. Shemeji anatembea kinyumenyume, anahema, tumefika katikati ya uwanja akasimama.

"Lile la kwenu ulisema tani ngapi?"

"Elfu mbili mia sita thelathini na nane."

"Na hili?"

"Hili halifiki kilo thelathini, baba," mpwa wangu akasema akishuka kwenye keria. "Lakini ligeuzeni kwanza. Mlango wa ikulu umetazama chini."