Mashine Sita na Dalali Mmoja

Mwaka 2014 nilikuwa fundi wa kuzunguka pale Morogoro: printa, nyaya za mtandao, kompyuta zilizogoma. Siku moja mama mwenye duka la stesheneri na intaneti akanipigia. "Fundi, mashine zangu zimeingia virusi. Ukifungua Google linakuja dude lingine."

Mashine zilikuwa kumi, sita ndizo zilizougua, zote Windows 7. Antivirusi ilikuwepo, imesasishwa, na haikusema neno.

Kijana wa kaunta hakuficha kitu. Alitaka VLC ya kuchezea video. Akaitafuta, akabofya jibu la juu kabisa, ambalo lilikuwa tangazo la kulipiwa, si tovuti ya VideoLAN, watengenezaji wa VLC. Faili likashuka upesi, akalitia kwenye flashi, akalisakinisha mashine moja baada ya nyingine ili kuokoa bando. Nikaangalia ukubwa wake: halikufika MB 1, wakati VLC yenyewe ilizidi MB 20. Faili dogo namna hiyo ni tarishi tu. Likishafika ndani ya mashine ndipo huanza kushusha mizigo, kwa hiyo bando lililiwa mara sita.

Nililiendesha kwenye laptop yangu kuukuu ya majaribio. Ukurasa wa kwanza, nembo ya VLC. Wa pili, masharti marefu, kitufe cha kukubali kikubwa cha kijani na cha kukataa kimefifishwa kijivu kana kwamba kimezimwa, ingawa ukikibofya kinaitika. Wa tatu, njia mbili: ya haraka, "inayopendekezwa", na ya kujichagulia. Ukichukua hii ya pili ndipo unapoona vijisanduku vitatu vya programu za ziada vimeshatiwa tiki. Mwisho kabisa inasakinishwa VLC halali, na video inacheza bila tatizo. Kijana angeshtuka na nini?

Na antivirusi ilinyamaza kwa sababu hiyohiyo: kwa maandishi, mwenye mashine amekubali. Programu za aina hii ziliitwa "zisizotakiwa", si virusi, na mara nyingi antivirusi haikuzigusa mpaka uiwashie mwenyewe kipengele cha kuzisaka.

Nilianza na orodha ya programu, nikaipanga kwa tarehe ya kusakinishwa, nikaondoa zote za siku ile. Nikafungua brauza: intaneti imekufa. Kumbe moja ya programu hizo ilikuwa imejiweka katikati ya brauza na mtandao kama proksi, yaani mpitishaji, kwa anwani 127.0.0.1 ambayo ni mashine yenyewe, na nilipoing'oa mpangilio ulibaki ukielekeza kwa marehemu. Nikaondoa tiki ya proksi kwenye mipangilio ya mtandao, ikarudi. Lakini dude nalo likarudi. Safari hii lilikuwa kwenye ikoni ya Chrome: ukitazama sifa zake, baada ya chrome.exe na alama ya kufunga nukuu, wamebandika anwani ya tovuti yao. Ubadilishe ukurasa wa mwanzo mara mia, ikoni itakupeleka kwao. Nikaifuta anwani hiyo. Asubuhi ikawepo tena, kwa sababu kazi iliyopangwa ndani ya Windows ilikuwa ikiiandika upya kila mashine inapowashwa. Ningeanza na hiyo ningeokoa siku nzima.

Nilipokuwa nafuta ndipo nikaona tarakimu mwishoni mwa ile anwani. Zilikuwa zilezile zilizo kwenye jina la faili la flashi. Hiyo ni namba ya dalali. Mwenye programu hampati mteja mwenyewe; anamlipa dalali kwa kila mashine, dalali ananunua tangazo juu ya jina la VLC, na namba ndiyo inayoonyesha kichwa kimeletwa na nani. Mwaka 2016 watafiti wa Google na Chuo Kikuu cha New York waliichambua biashara hii wakakuta malipo ya senti 10 hadi dola 1.50 za Marekani kwa usakinishaji mmoja, nchi tajiri zikiwa na bei ya juu. Sisi wa Morogoro bila shaka tulikuwa wa bei ya chini.

Nilimweleza mama hesabu hiyo kwa ufupi. "Kwa hiyo huyo mtu kalipwa?"

"Kalipwa, mama. Mara sita."

Akamtazama kijana, kisha akaniuliza mimi namdai kiasi gani.